Doh ni A, Taratibu

Mimi ni mkali wa mapigo. Kwaya ninayoifundisha pale Miyuji inalijua hilo. Mtu akichelewesha pigo moja tu nasimamisha wimbo mzima, hata kama mchungaji amekaa mbele anatusikiliza. Ukali huo nimeurithi kwa baba, aliyekuwa mwalimu wa kwaya huko Chamwino tangu kabla sijazaliwa.

Baba alikuwa na kanda moja ya kaseti aliyoachiwa na sista Mjerumani, mwalimu wa muziki, siku alipokuwa anarudi kwao. Ndani yake mlikuwa na wimbo wa mwanamke akiimba peke yake kwa Kijerumani, na kwenye kibandiko sista alikuwa ameandika neno moja tu: opereta. Baba hakujua ni kitu gani na hakuona haja ya kuuliza. Alinunua redio iliyokwishatumika, akaitenga kwa ajili ya wimbo ule. Kanda nyingine haikuruhusiwa kuingia mle, akihofia redio isije ikaanza kula kanda.

Alisikiliza mpaka akauandika wimbo wote kwa nota, na juu ya karatasi akaweka sauti ya msingi na mwendo: Doh ni A. Taratibu, kwa majonzi. Sauti iliyotoka kwenye redio ile ilikuwa nzito, ya mama mtu mzima aliyechoka. Katikati ya ubeti wa pili mama yule alikuwa analia. Zilisikika kwikwi nne, kisha anaendelea. Baba akatunga maneno ya Kiswahili ya mazishi, na pale penye kilio akaiachia kwaya mapigo manne ya kimya. Sijui ni watu wangapi wamezikwa kwa wimbo ule. Mama yangu alizikwa nao, baba mwenyewe akiongoza. Alipofika kwenye yale mapigo manne mkono wake ulibaki juu, haukushuka tena, na besi wakaendelea wenyewe.

Mwaka jana baba aliugua, na katika ugonjwa huo redio nayo ikagoma.

“Mama,” akaniambia, maana ndivyo anavyoniita mimi bintiye, “kanitengenezee ile redio. Nataka nimsikie yule mama kabla sijaondoka.”

Nikaipeleka Kizota kwa fundi mmoja, mtu wa makamo asiye na maneno mengi. Nilipoifuata baada ya siku mbili, akabonyeza, na wimbo ukatoka mbio, uko juu, unaimbwa na binti. Nikamjia juu. Nikamwambia ameharibu kitu ambacho hata akiuza karakana yake yote hawezi kukilipa.

“Usinigombeze bure, mwalimu,” akasema. “Mota ilikuwa imechoka, inazunguka polepole, naona tangu siku nyingi. Huna kanda nyingine unayoijua?”

Kwenye mkoba nilikuwa na kanda ya kwaya yetu, tuliyoirekodi zamani, doh nikiitoa mimi mwenyewe. Akaiweka. Ilitoka palepale nilipoitoa, bila kupanda wala kushuka; redio sasa ilikuwa sawa. Nikavuta kigoda nikakaa.

Tukarudisha ile ya baba. Doh ilikuwa C, si A. Mapigo yalikuwa matatu matatu, ya watu wanaocheza wakizunguka, na opereta, fundi akaniambia, ni mchezo wa kuigiza wa kuimba na kuchekesha. Na kwenye ubeti wa pili binti yule hakuwa analia. Alikuwa anacheka, mara nne, kama msichana anayetaniwa na mtu anayempenda. Nota za baba zilikuwa sahihi zote, moja baada ya nyingine. Kosa lilikuwa kwenye ule mstari aliouweka juu ya karatasi tu. Nilikasirika, sijui kwa nani. Baadaye nikaogopa baba asije akausikia hivyo.

“Irudishe ilivyokuwa,” nikamwambia fundi.

“Mimi naondoa ubovu, mwalimu. Kuurudisha sijawahi kuombwa.”

Lakini alinionyesha skrubu ndogo nyuma ya mota, inayopunguza na kuongeza mwendo. Akaigeuza mpaka nikaridhika, akanipa na bisibisi yake nyembamba.

Nilifika Chamwino mchana. Baba alikuwa amelala barazani, amefumba macho.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Umekuja naye?”

Nikaweka redio karibu na mto, nikabonyeza. Haukuisha hata mstari wa kwanza, baba akainua kidole.

“Imeshuka nusu toni. Mmeigusa.”

Mimi ninayewaaibisha watu kwa kosa kama hilo sikuwa nimelisikia. Nikashindwa kuendelea na uongo. Nikamweleza yote, mota, kanda ya kwaya, skrubu, huku nikilia bila aibu.

“Hebu niisikie hiyo ya kweli,” akasema.

Nikageuza skrubu. Wimbo ukapanda, ukakimbia, na kwenye ubeti wa pili binti akacheka. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Vidole vyake vilijaribu kupiga mapigo juu ya blanketi, vikaachwa nyuma, vikatulia.

“Anacheka.”

“Ndiyo, baba.”

“Na mimi nikawafundisha watu kulia hapo.”

Niliogopa kwamba nimemnyang'anya hata mazishi ya mama.

“Kwaya yako ifundishe hivi,” akasema hatimaye. “Hii ndiyo sahihi, usije ukabishana na sahihi kwa sababu yangu. Lakini huyu binti mimi simjui. Nirudishie yule mama.”

Nikaurudisha wimbo mwanzo. Nikaanza kugeuza skrubu kidogo kidogo, nikimtazama usoni. Sauti ikawa inazeeka mkononi mwangu. Akatikisa kichwa, bado. Nikageuza tena, akatikisa tena. Kisha uso wake ukalegea.

“Hapo,” akasema. “Usiguse tena.”