Vifurushi Vilivyofutwa Wenyewe

Pale kazini walimwita Kinyaa, na hakukasirika. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na tatu, mama wa mabinti wawili, na kinyaa alikuwa nacho kweli. Kikombe alikisuuza hata kama kimetoka kuoshwa sasa hivi, na kibodi ya mtu mwingine aliibonyeza kwa ncha ya kalamu. Tabia hiyo ndiyo iliyompa ukaguzi. Hakuna kazi iliyowafikia watumiaji kabla yeye hajaifungua akaitazama tumboni.

Ofisi yao, vyumba vitatu juu ya duka la mapazia, ilitengeneza nyongeza ya kihariri, ile programu ambayo waandishi wa programu huandikia kazi zao. Nyongeza iliwaonyesha makosa, ikawapangia mistari, ikawamalizia maneno. Lakini haikufanya hayo peke yake. Ilitegemea vifurushi, yaani programu ndogondogo zilizoandikwa na watu baki, na kila mtumiaji ilimbidi avitafute na kuvipakua mwenyewe. Wengi walishindwa, wakabaki kulalamika.

"Tuvifungashe humo humo ndani," bosi alisema Jumatatu. "Mtu akipakua nyongeza, apate kila kitu."

Kinyaa aliliona wazo ni zuri. Kilichomtia wasiwasi ni aliyekabidhiwa kazi: shemeji yake bosi, mtu mcheshi waliyemwita Chapuchapu. Jumatano asubuhi Chapuchapu alikuja akipangusa mikono kama aliyetoka kushusha mizigo.

"Dada, tayari. Weka sahihi tu."

Kinyaa akafungua. Nyongeza ilikuwa imenenepa mara ishirini. Kifurushi kimoja kilijirudia mara tatu, kila nakala ya mwaka wake, na ile kongwe ilikuwa na tundu la kupenyeza wadukuzi ambalo lilishatangazwa miaka minne iliyopita. Kwenye folda nyingine alikuta picha za sherehe, watu wenye jasho wakishika chupa. Akasogeza kiti nyuma kidogo, kana kwamba kioo kingemrukia.

Halafu akafika kwenye kifurushi cha kupanga mistari. Hicho alikijua. Kiliandikwa na mwalimu mmoja wa kike wa hesabu ambaye zamani, Kinyaa alipokuwa mwanagenzi asiyejua mbele wala nyuma, alimjibu barua yake ya maswali kwa kurasa nne. Mwalimu alikigawa bure kwa sharti moja lililoandikwa kwenye faili fupi: tumieni mpendavyo, jina langu libaki. Faili halikuwepo. Juu ya kila ukurasa palikuwa na jina la kampuni yao.

"Faili la mwalimu umelitoa kwa nini?" aliuliza.

"Kupunguza uzito," Chapuchapu alijibu.

"Picha za walevi umeziacha."

"Hizo sikuziona."

Alikwenda kwa bosi, naye akasikiliza huku akijikuna sikio kwa kifuniko cha kalamu. "Nani atafungua aangalie?" aliuliza.

"Mimi nimefungua. Siweki sahihi."

Mchana bosi aliweka yake, nyongeza ikatoka.

Nyumbani mumewe, fundi bomba, alimwona anazungusha chakula kwenye sahani. "Mbona huli, mama? Mimi ndiye niliyeshinda kwenye mtaro."

"Mtaro wako una afadhali, unanuka. Huu wangu umepuliziwa manukato."

Kesho yake alimwandikia mwalimu, akamweleza yote bila kujitoa. Mwalimu naye hakupiga kelele. Alipeleka malalamiko kwa wenye ghala la mtandaoni ambako nyongeza ilikuwa ikipakuliwa, nao wakaiondoa siku ya pili. Bosi aligeuka upole mtupu. "Dada yangu, itengeneze unavyojua wewe."

Alifanya kazi wiki mbili. Alibakiza vifurushi vinne tu, nakala moja moja, vya karibuni, akaandika ukurasa wa majina ya wenyewe. Ukurasa huo alimpelekea mwalimu aukague. Jibu lilikuwa fupi: jina la mdogo wake liongezwe, kwani nusu ya kazi ile ni ya huyo mdogo, sasa marehemu, na miaka yote hakuna aliyewahi kuuliza. Kinyaa akaliandika la kwanza.

Nyongeza iliporudi, bosi aliita kikao. Alimshukuru Chapuchapu kwa kuanzisha jambo, akasema wote wamejifunza. Chapuchapu akaupokea mkono wa kila mtu, alipofika kwa Kinyaa akanyoosha wake, mnene, wenye unyevunyevu.

Kinyaa aliutazama. Kilichomtia kinyaa safari hii hakikuwa jasho lile, na alijua kwamba maji na sabuni visingekitoa. Aliuacha mkono ukining'inia, akachukua mkoba wake. Mwezi uliofuata alikuwa mkaguzi mahali pengine.