Kigelegele cha Sittana

Mtaa wa Abu Rof, kule Omdurman, harusi haikuwa harusi mpaka Sittana apige kigelegele cha kwanza. Alikuwa mjane, mpika kisra, ile mikate ya mtama myembamba kama kitambaa. Vidole vyake vilibabuka kwa moto, lakini koo lake Mungu alimpa siku aliyokuwa mkarimu. Bibi harusi angeweza kukosa dhahabu, bwana harusi akakosa meno, Sittana hakukosekana. Akianza, wanawake wote nyuma. Lau nchi ingeongozwa hivyo, tusingefika kwa Jenerali Shaddad.

Jenerali alikuwa rais kwa sababu alishinda vita, ingawa vita vyenyewe vilikuwa bado vinapiganwa kusini. Kila Ijumaa alitufundisha uongozi redioni.

"Kiongozi hutangulia vitani!" alinguruma. "Kiongozi hula mwisho!"

"Ndiyo maana anakomba na sufuria," Sittana alimwambia jirani yake Batuli, huku akitandaza uji wa mtama juu ya bamba la moto.

Kisha askari wakamzoa mwanawe wa pekee, Bashari, sokoni alikokwenda kununua viatu. Wakamvika mabuti, wakampeleka kusini. Hakurudi, wala mabuti hayakurudi.

Sasa, Jenerali alikuwa ameshaamua kwamba askari wake hawafi. Wanaoa, huko peponi. Kwa hiyo matanga yalipigwa marufuku, badala yake ikaletwa harusi ya shahidi: ngoma, peremende, na mama wa maiti apige vigelegele. Anayelia ni msaliti.

Basi alasiri moja Kanali Mukashfi akaingia uani kwa Sittana na kondoo, gunia la sukari, na watu wa redio waliokuwa wakivuta nyaya zao. Wanawake wa mtaa walikwishakusanywa ukutani, wanaume mlangoni.

"Hongera, mama wa bwana harusi!"

"Nani alikwenda kuposa?" akauliza Sittana. "Mimi sikutuma mtu."

Kanali akacheka kidogo. "Jenerali mwenyewe ndiye mshenga, mama."

"Kumbe! Na mwanawe yule mkubwa keshamwoza?"

"Bado. Anasoma Ulaya."

"Maskini! Baba mshenga wa nchi nzima, mtoto kapera. Si alisema kiongozi hutangulia? Amtangulize basi, tukale pilau."

Batuli akabanwa na kikohozi cha uongo.

Kanali akainama, akanong'ona huku amekaza meno. "Sikiliza wewe bibi. Nchi nzima inasikia. Jenerali anasikia. Piga kigelegele chako, yaishe. Usipopiga, hutauza kisra hata kwa mbwa."

Akamsogezea kipaza sauti. Wanawake wakalowesha ndimi, wakamtazama, kama walivyomtazama miaka yote. Atakachoanza, watafuata. Sittana alilijua hilo. Alijua pia kwamba akipiga kigelegele kimoja tu, Bashari atakuwa ameozwa na muuaji wake, kwa idhini ya mama.

Akamshika Kanali mkono uliokuwa umeshika kipaza sauti, akamkokota mpaka jikoni. Akachota jivu la moto wa kisra, akajimwagia kichwani.

"Yoo, Bashari! Wamemuua! Mwanangu wamemuua!"

Sauti ilikuwa ile ile ya harusini, imepinduliwa tu. Ukuta mzima wa wanawake ukaitikia. Batuli alikuwa wa kwanza kulifikia jivu.

Hapo Haji Tayfur, kaka yake Sittana, mzee asiyepata kubishana hata na punda wake, akasimama mbele ya Kanali, akafungua viganja vyake viwili. "Fatiha," akasema.

Wanaume wote wakafungua viganja. Kwetu, viganja vya mfiwa haviachwi wazi peke yake. Hata adui wa baba yako utamwitikia. Kanali akaitazama mikono ile, akakitazama kipaza sauti. Akakiweka chini kwenye jivu. Akainua mikono, akamsomea maiti, akijua fika kwamba Fatiha ile ni ya matanga, si ya harusi.

Redio ikaweka wimbo wa jeshi, imechelewa. Sittana alikaa matanga yake yote, akalia mpaka koo likakauka. Sokoni walimfukuza kweli. Watu wakawa wanafuata kisra mlangoni kwake.

Harusi za Abu Rof siku hizi hufunguliwa na Batuli, mwenye sauti ya mlango uliokosa mafuta. Sittana huhudhuria, hula, hunyamaza. Hakuna anayemwomba.