Katarina Hakuwasha Moto

Pale Kitomanga kila mtu alimwita Mama Brighton, ingawa jina lake ni Katarina. Alikuja kuolewa akitokea juu Umakondeni, na kazi ya kuchochea boila, lile tangi la chuma la kuchemshia mvuke, aliianzia kwenye chumba cha kufulia cha hospitali ya misheni huko kwao. Kiwanda kidogo cha kubangua korosho kilipofunguliwa kijijini, wanaume waliojaribu ile boila waliichoka, moshi na joto vikawashinda. Yeye akabaki nayo.

Kabla ya kuwasha moto, Katarina huizunguka boila akiipapasa. Asubuhi moja mkono wake ukagusa waya. Valvu ya usalama, ile inayofunguka yenyewe kuutoa mvuke unapozidi, ilikuwa imefungwa kwa waya na kukazwa kwa plaizi.

Bashiru, msimamizi wa kiwanda, kijana mchangamfu aliyependwa na wote, akaingia.

"Shikamoo, Mama Brighton."

"Marahaba, mwanangu. Waya huu wa nani?"

"Wangu. Si unaona inavyovuja? Mvuke unapotelea darini, maganda tunayachoma bure, na mnunuzi anasubiri mzigo."

"Inavuja kweli, ndiyo maana nilikuomba tuipeleke kwa fundi. Lakini ukiifunga, mvuke ukizidi utapita wapi, Bashiru? Utapasua chuma. Na ng'ambo ya ukuta huu ndipo wanapokaa kina mama wanaobangua."

"Leo tu, mama yangu. Kesho tunaipeleka."

"Basi na mimi nitawasha kesho."

Hakupaza sauti. Alikaa juu ya gunia la maganda, akakunja mikono. Wabanguaji wakaanza kufika, na walipoambiwa hakuna kazi, Sauda, mwenye mdomo kuliko wote, akang'aka: "Yaani nimeacha palizi yangu nije kutazama boila imelala?" Katarina akamwomba radhi, lakini hakuinuka.

Bashiru alitoka nje, akasimama kitambo akitazama kina mama wakikung'uta kanga zao, wengine na watoto migongoni. Aliporudi alikuwa ameshika plaizi na spana. Akakata waya, akaifungua valvu kwa mikono yake mwenyewe.

"Twende Lindi," akasema.

Katarina aliipakata valvu njia nzima, imeviringishwa kwenye kitenge. Fundi Faustino akaifungua, akawaonyesha pale ndani palipolika, akapasugua mpaka pakalingana, kisha akaijaribu kwa upepo wa mashine. Ilipofika kipimo chake ikafunguka kwa kishindo, halafu ikajifunga kimya. Katarina akacheka kwa furaha, akamwambia airudie.

Haikupita muda mrefu tangu wairudishe mahali pake, siku moja moto ukiwa umekolea, bomba la kupeleka mvuke kwenye masufuria ya korosho likaziba. Mshale wa geji inayopima nguvu ya mvuke ukaanza kupanda. Maganda ya korosho yana mafuta, moto wake hauzimiki kwa kuambiwa. Katarina akafunga tundu za hewa, akatazama maji kwenye kioo cha boila, yapo, akaanza kuvuta makaa kwa reki ndefu. Mshale ukazidi kupanda.

Ndipo valvu ikafunguka. Ulitoka mngurumo ambao Kitomanga haijawahi kuusikia, mvuke mweupe ukaruka juu ya bati, na kina mama wakakimbilia mikorosho, Sauda mbele, kiatu kimoja mguuni. Bashiru alikimbia pia, lakini alipofika mlangoni akageuka. Akamkuta Katarina bado anavuta makaa, jasho linamchuruzika. Akachukua koleo, akamsaidia kuyaondoa. Mshale ukashuka taratibu, valvu ikajifunga.

Katarina akatoka nje. "Rudini jamani! Imetoa pumzi tu, hakuna kilichopasuka."

Walirudi mmoja mmoja. Sauda akamshika mkono, akashtuka kumwona bado ameikumbatia reki.

"Kumbe na wewe uliogopa?"

"Sana, mdogo wangu. Hii reki hata kuiachia nimeshindwa."

Sauda akamkalisha kivulini, akampa maji, akampangusa masizi usoni kwa ncha ya kanga yake. Bashiru aliwasimulia wote habari ya waya, wala hakujificha. Kisha kina mama wakamwomba Katarina awapeleke ndani, awaonyeshe hicho kidude kilichonguruma. Akainuka polepole, akawatangulia.