Saa Aliyoiandika Mama

Ilianza Jumamosi, tarehe 13 Machi 1999, saa nne na dakika kumi asubuhi. Nina hakika hata na dakika, kwa sababu niliziandika palepale kwenye daftari langu, nikiwa nimekaa juu ya kreti la soda nyuma ya meza ya Mama. Mimi huandika kila kitu. Shuleni wananiita Bubu. Niko kidato cha tatu, na wapo walimu ambao hawajawahi kuisikia sauti yangu vizuri. Nikisimama kujibu, ninakaa tena kabla neno halijatoka.

Duka lenyewe liko hapa Shinyanga mjini, linauza karatasi, kalamu na madaftari. Mwenye duka ni Mzee wa Kihindi, Mwislamu, na babu yake ndiye aliyelifungua. Mama amekuwa mpiga chapa wake tangu kabla sijazaliwa. Meza yake iko dirishani, na juu yake kuna taipureta nzito ya chuma. Watu wanamletea barua za kuomba kazi na mikataba ya kuuziana viwanja, naye anapiga kwa vidole kumi bila kuvitazama, huku akikuuliza habari za nyumbani na kama mvua imefika kwenu.

Wiki ile mtoto wa Mzee, anayeishi Mwanza, alinunua kompyuta kuukuu kutoka ofisi moja upande wa Songwa. Akaituma dukani pamoja na printa na boksi la disketi. Akatuma na ujumbe: Jumatatu anakuja mwenyewe. Akikuta Mama ameiweza mashine, vema. Akikuta hajaiweza, kuna binti Mwanza mwenye cheti, atamleta akae kwenye ile meza. Mzee alimweleza Mama jambo hilo huku akifuta miwani yake, na wala hakuimaliza sentensi. Mama alimjibu kwamba ameelewa. Tulipokuwa nyumbani ndipo akaniambia, akiwa amenipa mgongo, anakoroga uji:

"Huyo binti ana cheti. Mimi nina vidole."

Ndiyo maana Jumamosi nilikwenda naye. Mimi si mjuzi. Kompyuta nilikuwa nimeigusa mara tatu tu maishani, kwa masista, na mara moja kati ya hizo ilikuwa kuipangusa vumbi. Lakini kijitabu cha maelezo kilikuwa cha Kiingereza, na Kiingereza cha kusoma ninacho, hata kama cha kusema kinanikimbia.

Mashine ilikuwa imejaa mambo ya ile ofisi: orodha za vipuri, barua za watu tusiowajua. Mzee aliona si adabu kukaa na barua za watu. Akaniagiza nifute vyote, irudi kama ilivyotoka kiwandani. Kijitabu kilisema hilo linawezekana, na baada ya kufuta unaweka mfumo upya kwa zile disketi kumi na moja, moja baada ya nyingine, kisha unamalizia na disketi ya nyongeza. Hiyo ya nyongeza ndiyo inayoifundisha mashine kuongea na printa. Bila hiyo, Mama angeandika akachoka, na isitoke hata herufi moja kwenye karatasi.

Nilibonyeza kitufe cha kufuta mimi mwenyewe. Mashine ikazimika, ikawaka, ikauliza tarehe na saa, maana betri yake ndogo ya kutunza saa ilikuwa imekufa na kila ikizimwa inasahau. Mzee akainama, akatazama saa ya mkononi, akajaza yeye. Tarehe aliinakili pia kwenye kipande cha karatasi, kwa mpangilio ule inaoutaka mashine, ili tusihangaike tena. Kisha nikaanza kulisha disketi. Ya saba ilikuwa inakoroma, na Mama akaiwekea mashine mkono mpaka ikanyamaza, kama mtu anayembembeleza mtoto. Ya mwisho iliisha saa tano na dakika ishirini. Kabla sijaweka ya nyongeza, umeme ukakatika.

Tukakaa. Akaja kijana mmoja mchimbaji kutoka Mwakitolyo, viatu vyake vimejaa vumbi la duara, lile shimo wanaloingia kutafuta dhahabu. Alitaka barua ya kwenda kwa dada yake Ushirombo, na alitaka ya mashine mpya, si ya taipureta. Mama akamwambia mashine mpya bado inasomeshwa.

"Darasa la ngapi?" akauliza.

"La kwanza. Na leo asubuhi imerudishwa chekechea," Mama akasema.

Yule kijana akacheka, akasema basi yeye na mashine wamelingana, maana dada yake ndiye aliyemlipia shule akaikimbia, na sasa anataka aone barua iliyonyooka mistari aamini kwamba mdogo wake amekuwa mtu. Akaacha maneno yake kwenye karatasi ya daftari, akasema atapita Jumapili asubuhi kabla ya kurudi machimboni.

Umeme ulirudi saa saba na robo. Mzee alikuwa ameshakwenda msikitini kwa swala ya adhuhuri. Mashine ikauliza tarehe, nikainakili kutoka kwenye kile kipande cha karatasi. Ikauliza saa. Nikamwambia Mama aandike yeye.

Alikuwa hajabonyeza kitufe chake hata kimoja. Alifuta vidole kwenye kanga, akatazama saa ya ukutani, akatumia kidole kimoja tu, yeye ambaye kwa taipureta hana haja ya macho. Akaandika 7:15. Alipobonyeza kitufe cha kukubali na mashine ikapokea, alinigeukia na uso ambao sikuwahi kuuona. Nadhani ndio uso aliokuwa nao alipokuwa msichana kama mimi.

Nikaweka disketi ya nyongeza. Ikazunguka kidogo, ikatoa sentensi moja ya Kiingereza na kusimama. Kwa kamusi nilipata hivi: mafaili yaliyomo ni ya baadaye kuliko sasa, rekebisha, jaribu tena.

Nilijaribu tena. Niliitoa disketi nikaipulizia. Nilikagua waya wa printa pande zote mbili. Nilizima nikawasha, Mama akaandika 8:05, ikakataa. Nikasoma ukurasa wa matatizo wote, nikabadilisha tundu la printa, nikazima nikawasha, Mama akaandika 9:20, ikakataa kwa sentensi ileile. Nilidhani nimefuta kisichofutwa. Nilipomwomba Mzee, aliyekuwa amesharudi, ruhusa ya kufuta tena na kuanza upya, kwa kumpitishia Mama maneno, alikataa kwa upole. Alisema ile disketi ya saba inaweza isifike mara ya pili, na tukibaki bila mfumo kabisa, mwanawe atakuta boksi tupu.

Saa kumi na nusu tulifunga. Mama alifunika kompyuta kwa kitambaa cha meza, kisha akaigusa taipureta yake begani, kama mtu na ng'ombe wake.

Nyumbani tulikula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, na Mama hakula vizuri. Alizungumza kuhusu mambo mengine: kibanda cha kuku, sare yangu inayobana. Halafu akasema polepole, kama anajifariji:

"Angalau saa niliandika vizuri. Mara zote tatu."

Nikasema ndiyo, Mama.

Jua lilikuwa bado halijazama sawasawa. Nilitoa daftari mlangoni niandike siku yangu, na kama kawaida nikaanza kwa kusoma nilichokwisha kuandika. Nikakuta mstari huu wa asubuhi: *Saa 4 na dakika 10. Mzee kaandika 10:10.*

Niliusoma mara mbili. Mzee akiongea nawe anasema saa nne kama sisi sote. Lakini akishika kalamu ya kazi anaandika kama saa inavyojionyesha usoni, kumi, maana ndivyo alivyozoeshwa na barua za mizigo tangu ujana. Mama yeye akiona mshale uko kwenye moja, anasoma saba, na saba ndiyo anayoiandika. Nani asingefanya hivyo? Mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama pembeni yake, nikaona 7:15, nikaona ni sawa kabisa.

Kwa hiyo mfumo tuliuweka ndani kuanzia saa kumi ya Mzee, ukaisha 11:20. Kisha ndipo tunaiambia mashine kwamba sasa ni saa saba, saa nane, saa tisa. Kwa hesabu yake ilikuwa bado hata haijazaliwa, halafu tunaidai ikue. Ilikuwa inatuambia ukweli mchana kutwa. Tungekaa dukani hadi magharibi, saa kumi na mbili ya Mama ingeipita ile 11:20, na disketi ingepita.

Nilicheka peke yangu. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu Mama alikuwa nyuma yangu anaosha vyombo, na kitu kimoja tu alichojivunia siku ile ndicho kilichokuwa kosa.

Nitasema ukweli hapa. Nilifungua mdomo. Nilimwita, akaitika, "Naam, mayu," yaani mama kwa Kisukuma, ananiitaga hivyo kama mama yake, akiwa amechoka. Nikasema kwamba nimeshiba. Nilikaa nikapiga hesabu nyingine. Kesho tarehe itakuwa nyingine. Kesho, hata saa mbili ya asubuhi iko mbele ya jana yote. Kesho Mama anaweza kuandika saa yake vilevile na mashine haitakuwa na neno. Na nilipozidi kuhesabu nikaona jambo zuri zaidi: saa zetu zinaanza moja asubuhi na kwenda mbele mpaka kumi na mbili jua linapozama, hazirudi nyuma mchana wote. Mashine inaweza kuishi kwa saa za Mama siku zote za kazi na isipate shida. Shida inaingia wakiandika watu wawili, mmoja hivi na mwingine vile. Kilichotakiwa ni mkono mmoja tu.

Lakini hilo ilibidi mtu amwambie Mzee. Na mtu wa kumwambia alikuwa mimi, ambaye tangu nizaliwe sikuwahi kumwambia kitu zaidi ya shikamoo.

Jumapili tulitoka misa ya kwanza tukaenda moja kwa moja dukani. Mzee alikuwa ameshafungua, na alikuwa ameshafunua kompyuta na kuiwasha ili kutusaidia. Tarehe alikuwa ameijaza. Kidole chake kilikuwa kinateremka kwenye kitufe cha 8.

"Mzee," nikasema. Ilitoka kwa nguvu kuliko nilivyopanga. "Saa aandike Mama."

Akageuka, Mama naye akageuka. Masikio yalinichoma moto.

"Kwa nini, binti?"

"Saa aandike Mama peke yake. Kila siku. Jana mashine ilipewa saa za watu wawili."

Mzee akatazama saa yake, akatazama ya ukutani. Niliona anaelewa, taratibu, kuanzia kwenye nyusi. Akacheka bila sauti, mabega tu.

"Sasa kati ya hao wawili, aliyekosea nani?"

Nikasema, "Shikamoo, Mzee." Sijui kwa nini. Nilikuwa nimeshamwamkia.

"Marahaba," akasema, akavuta kiti na kumpisha Mama. Hakuuliza tena.

Mama alikuwa ananitazama mimi, si mashine. Si mjinga mama yangu. Alitazama saa ya ukutani kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, midomo inachezacheza kama anahesabu, kisha akaketi. Akaandika 2:20. Hakuifuta. Nikaweka disketi ya nyongeza. Ilizunguka, ikazunguka, ikaandika kwamba imekamilika.

Barua ya yule mchimbaji aliipiga kwa vidole kumi. Mara mbili tu alitazama chini. Printa ililia kama mbuzi, karatasi ikatoka, mistari imenyooka, na kwenye kona ya juu mashine yenyewe ilikuwa imechapa tarehe na saa: 2:41. Saa ya ukutani ilikuwa saa mbili na dakika arobaini na moja. Kule Ushirombo yule dada ataisoma, na hatahitaji kufafanuliwa na mtu.

Mzee aliichukua karatasi, akaikunja kona kidogo, akaikunjua, akasema mwanawe aliyeko Mwanza atatumiwa ujumbe kwamba akija Jumatatu aje kusalimia tu. Mama akasema, "Asante, Mzee," akainamisha kichwa kutafuta bahasha ambayo ilikuwa mbele yake.

Mimi nilichukua kipande cha boksi la chaki, nikakikata sawasawa kwa rula. Nikaandika kwa herufi kubwa, kwa mwandiko wangu wa mtihani: SAA ANAANDIKA MAMA. Nikakipaka gundi, nikakibandika juu ya kioo cha kompyuta, nikakishikilia kwa kiganja mpaka kikauke. Mama alikuja akasimama nyuma yangu. Aliweka mkono wake juu ya mkono wangu, tukakishikilia wote wawili, ingawa gundi ilikuwa imeshashika.