Divai Iliyofukiwa Mlimani

Siku ile tulikuwa tunachuja divai. Baba Tereza, mzee aliyetunza mizabibu, alishika kitambaa cheupe juu ya mdomo wa pipa, mimi nikamimina kwa kata, kidogo kidogo, ili machicha yabaki chini. Kila nilipoharakisha alisema, "Polepole, nnyabo." Nnyabo kwa lugha ya kwao ni mama. Mimi ni Msukuma wa Samuye, lakini baada ya miaka mitatu pale mlimani nilikuwa nimelizoea neno hilo kama jina langu.

Pale ni kwenye misheni moja katika vilima vya Geita. Mume wangu, Baba Kulwa, alikuwa akitafuta dhahabu kwenye mashimo yaliyoachwa na mgodi, na mimi nikapata kibarua cha mizabibu. Mizabibu ile ilipandwa enzi za Mjerumani, kwenye matuta yaliyojengwa kwa mawe. Vipandikizi vyake vilitoka Buddu, ng'ambo ya mpaka wa Uganda, vimeviringishwa katika magamba ya mgomba yaliyolowa maji. Aliyevibeba alikuwa baba yake Baba Tereza. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto mdogo, akitembea nyuma.

Divai ilikuwa nyekundu, ya misa, na haikuwa tamu. Ilikausha ulimi. Zabibu zilikanyagwa kwa miguu, maganda yakalala siku nane ndani ya maji yake mpaka yatoe rangi, kisha ikaingia kwenye mapipa ya mninga. Hatukutia sukari. Baba Tereza alisema marehemu baba yake alimkataza, na hakutaka kubishana na marehemu.

Tukiwa katikati ya pipa la pili, binti yake Tereza akaja mbio kutoka jikoni kwa padri. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto wa uzeeni. Alisema redio imetangaza kwamba majeshi ya Uganda yamevuka mpaka yameingia Kagera, na sisi tunakwenda kupigana.

Baba Tereza aliendelea kushika kitambaa. Nikamtazama mikono, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza huyu mzee ni wa upande gani hasa.

Wiki mbili baadaye Baba Kulwa alichukuliwa pamoja na mgambo wengine. Walipanda lori la pamba, wakaimba mpaka lori likapotea kwenye kona. Nilibaki na mapacha wangu wawili. Barua haikuja.

Balozi wa nyumba kumi alituita akatuambia tufungue macho. Adui ana watu wake ndani, alisema, wanaweza kuwa majirani zetu. Tangu siku hiyo watu walisalimiana huku wakichunguzana. Mwuza samaki kutoka upande wa Biharamulo alizuiwa siku nzima kwa sababu ya lafudhi yake. Mwanamke mmoja alishitakiwa kwa kuanika shuka jeupe juu ya paa. Habari zilifika kwamba ndege zimetupa mabomu Mwanza, na kila aliyekuwa na kioo alikificha, asije akasemwa anaashiria ndege.

Nami nilikuwa na wangu wa kumchunguza. Baba Tereza alikuwa na redio ndogo. Mchana, wengine tukipumzika, aliitia sikioni akasikiliza Kiganda. Nilimwuliza wanasema nini.

"Wanadanganya," alijibu, akaizima.

Niliona ameizima upesi mno.

Kisha, siku moja ya Jumanne, nilirudi shambani mchana kuchukua kanga niliyoisahau. Padri alikuwa amekwenda Mwanza. Kwenye tuta la juu kabisa nilimwona Baba Tereza peke yake, ana jembe, anachimba. Kando yake kulikuwa na kitu kirefu kimefungwa magunia. Aliponiona alisimama mbele yake.

"Shikamoo, Baba Tereza. Unachimba nini?"

"Marahaba, nnyabo. Nafukia mbolea."

Samadi ilikuwa kwenye zizi la chini, na haikuguswa. Nilichukua kanga yangu nikaondoka. Nilimwaza mume wangu mahali fulani kwenye matope ya Kagera, na watu wanaoongea kama mzee huyu wakimlenga bunduki. Sikumwendea padri, maana hakuwepo. Sikumwendea Tereza, maana ningeona haya. Nilikwenda moja kwa moja kwa Masanja, kamanda wa mgambo waliobaki, rafiki wa mume wangu.

"Una hakika, shemeji?" aliuliza.

"Nimeona kwa macho yangu."

Kweli niliona. Nilichoona ni magunia na jembe.

Kesho yake asubuhi walipanda mgambo wanane. Walimfunga Baba Tereza mikono nyuma, wakamkalisha chini penye ukuta wa mawe. Masanja alinitaka nioneshe mahali. Nikaonesha kwa kidole. Mzee alinitazama mara moja, kisha akatazama pembeni.

"Ni divai," alisema. "Padri aliniambia niifiche. Askari wanaopita wanaimaliza, na hii ni ya misa."

"Padri yuko wapi?"

"Mwanza."

"Basi hayupo," alisema Masanja. "Chimbeni."

Lilitoka pipa la kwanza, limefungwa pamoja na la pili ndani ya magunia yale. Kijana mmoja wa mgambo alilipiga shoka. Divai ikaruka, ikamwagika kwenye mawe, nyekundu, na harufu yake ikajaa tuta zima. Walilipasua la pili wakitafuta bunduki ndani. Hapakuwa na bunduki.

Nilidhani Masanja atamfungua. Akasema, "Mtu asiye na kosa hadanganyi mchana kweupe kwamba anafukia mbolea."

Chini, kwenye njia, nikamwona Tereza. Alikuwa anapanda mbio, ameinua karatasi juu ya kichwa. Alikuwa anaita, lakini upepo ulichukua sauti.

Ndipo tukasikia ndege.

Ilitokea upande wa ziwa, chini chini.

"Laleni!" Ni Baba Tereza aliyepiga kelele. Nililala.

Ardhi iliruka chini ya tumbo langu. Mawe yakanyesha.

Kisha kimya, na majani ya mizabibu yakishuka polepole.

Mzee alikuwa amesimama, mikono nyuma, akitazama njia. Akaanza kushuka, akaanguka kifudifudi kwa sababu hakuwa na mikono ya kujizuia, akainuka, akaanguka tena.

Nilimkimbilia nikakata kamba kwa kisu cha kupogolea. Kwa haraka nikamkata na kidole.

Tereza alikuwa kando ya njia. Sitaeleza zaidi.

Karatasi ilikuwa ya padri, maagizo aliyoyaandika kabla ya kusafiri. Mistari miwili tu, kwamba mapipa mawili yafukiwe, wala asiambiwe mtu yeyote. Tereza aliitafuta mezani kwa padri tangu aliposikia baba yake amekamatwa. Masanja aliisoma mara mbili, akaitia mfukoni, halafu akasema ndege haikuja bure mahali pale, lazima kuna aliyeielekeza. Wapo waliosema rubani alipotea, wapo waliosema alitafuta barabara ya malori. Hakuna aliyewahi kujua. Tulimzika Tereza alasiri, na baada ya mazishi wakamchukua mzee.

Walimrudisha baada ya miezi mitatu, padri alipokwisha kuandika barua nyingi. Mkono wake wa kulia haukukunjika tena. Nilimfuata kwenye mizabibu, nikapiga magoti, nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyesema.

"Nilijua siku ile ile," alisema. "Inuka."

"Nisamehe, baba."

"Nitakapoweza kusamehe nitakuambia," alisema. Kisha akanionesha tawi lililotakiwa kukatwa, maana mkono wake haukuweza kushika kisu.

Nilimkatia matawi misimu minne. Alinifundisha yote aliyofundishwa na baba yake. Hakuwahi kuniambia. Alifariki kwa homa ya mapafu, na mwaka uliofuata misheni ikaanza kununua divai ya chupa kutoka Dodoma. Mizabibu ikaliwa na mchwa.

Baba Kulwa alikuwa amerudi salama vita vilipokwisha, amekonda tu. Tulipohamia Samuye nilimweleza habari hii yote, nikiwa tayari anifukuze. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ulikuwa unanilinda mimi," alisema.

Alitaka kunifariji. Ni kweli, nilikuwa namlinda. Lakini yeye alikuwa mbali, nisikoweza kumfikishia chochote, si chema wala kibaya. Tereza alikuwa karibu yangu. Alinipikia uji mapacha walipougua surua. Ningeweza kumwuliza baba yake anafukia nini, naye angecheka, angeniambia. Swali moja. Nimelipima swali hilo kwa miaka mingi sasa, na halijapungua uzito.