Majimaji Chini ya Ngozi

Figo zilipomfia, kinyozi wetu alianza kujionea kinyaa. Mdomo wake ulinuka mkojo, hata akawa ananyoa watu akiwa na barakoa, na kumeza mate yake mwenyewe kulimtia kichefuchefu. Kila alipotoka kwenye mashine ya kusafisha damu, alijikuna mpaka ngozi ikatoka unga.

Siku moja mpimaji wa maabara alimchoma sindano nyembamba tumboni, juujuu tu, akavuta majimaji maangavu kama machozi. Majibu yalipotoka, akamwita.

"Damu tumeisafisha, kaka, lakini sumu imebaki kwenye haya maji yanayolowesha nyama. Ukishatoka kwenye mashine, inarudi damuni polepole."

Kinyozi alilitazama tumbo lake kama mtu aliyekuta panya amefia ndani ya mtungi anaonywea maji. Akatapika kwenye ndoo.

"Basi wamwongezee muda kwenye mashine," mkewe alisema huku akimfuta mdomo.

Muda ukaongezwa, na kuwashwa kukapungua. Kinyaa hakikuisha. Hata leo hulala amempa mkewe mgongo, na mkewe humgeuza.

"Na mimi nina pua, baba watoto, na sijakukimbia. Lala huku."