Khairiya Hafungi Leo

Mtaa mzima wa Malindi ulijua kwamba Khairiya binti Mahfoudh haridhiki na Ramadhani peke yake. Jumatatu anafunga, Alhamisi anafunga, na sita zake za mwezi wa Shawwal huzimaliza wenziwe bado wanatafuna visheti vya sikukuu. Mama yake, Bi Nunu, mjane wa watu, hakuwa na cha kujivunia duniani kuliko hicho. Ikikaribia magharibi, majirani tukipanda ngazi na vibakuli vya futari na haja zetu. Mmoja mwanawe ana mtihani, mwengine mumewe ana kesi, na sote tunataka tuombewe, maana dua ya aliyefunga hairudi. Tulikuwa tukimwita walii.

Basi walii wetu alikuwa mgonjwa, na hakuna aliyemwona. Nalisema hili kwa uchungu, maana macho tunayo, tena makali kwa mambo ya watu. Mabega yalimchomoza, tukasema hiyo zuhudi, kaipa dunia kisogo. Uso ulimsinyaa, tukasema hiyo nuru. Laiti angekuwa mtoto asiyeswali, tungeshamburura kwa daktari zamani!

Yalianza Idi ya mwaka juzi. Khairiya alikuwa amepungua kidogo kwa saumu, akavaa gauni lake jipya, na kila nyumba aliyokwenda kuomba mkono wa Idi wakamsifu: mashaallah, umependeza, umekuwa mwembamba. Wenziwe wakarudi kwenye biriani zao, yeye akashindwa. Aliogopa sifa zisije zikamtoka. Kila mwezi hofu ikazidi, hata akawa anautazama wali kama mtu anayetazama nge. Siku ya kufunga ndiyo siku aliyokuwa na amani, kwa kuwa hakuna wa kumwambia ale. Na jioni, sinia moja na majirani, mikono sita, nani atahesabu matonge ya mwenziwe? Si adabu. Akionja, akisema "nshashiba, alhamdulillahi," anaondoka kwenda kuswali, na mama yake anamtazama kwa furaha.

Kazi yake ni kuchora hina maharusi, na mkono wake ulikuwa maarufu. Jumanne moja alikuwa akimchora Basma, bi harusi wa Shangani, mara mstari ukakimbia. Akaufuta, akaanza tena, ukakimbia tena. Ukumbi ukamfanyia giza. Bi Sichana, aliyekuwa somo wa kumfunda bi harusi, akamletea gilasi ya maji ya ukwaju.

"Ahsante, nimefunga."

"Jumanne?" Bi Sichana akamkazia macho. "Saumu gani hiyo ya Jumanne?"

Khairiya akaiinamia hina yake. Yule mama akamshika kiganja, akauhisi ule mtetemeko. "Mwanangu, mkono huu si wa mfungaji. Huu ni mkono wa mgonjwa. Nna mpwa wangu hospitali, anaitwa Fathiya, muuguzi. Nenda kamuone. Nakuomba kama ninavyomwomba mwanangu wa kumzaa."

Alikwenda Alhamisi asubuhi, na kwenda kwenyewe si mchezo. Mara mbili aligeuka njiani. Fathiya hakumkemea wala hakumcheka. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Haya ni maradhi, na yana tiba. Si jini, wala si ubaya wako. Jumatatu utarudi akuone daktari. Lakini saumu zako weka kando tokea leo. Mgonjwa ana ruhusa ya kula hata Ramadhani, sembuse sunna! Utakula mara tatu kwa siku, na usile peke yako. Mwambie mama yako. Ukimficha mama, maradhi yatapata pa kujificha."

Hilo la mama ndilo lililokuwa zito. Kula angeweza kujilazimisha. Lakini kumvua Bi Nunu fahari yake kwa mkono wake mwenyewe? Hata hivyo alipofika Darajani alinunua nazi moja na samaki changu wawili, kwa sababu alijijua: akirudi mikono mitupu hatopika, asipopika hatosema, na asiposema leo hatosema tena.

Akakaa juu ya mbuzi akakuna nazi. Nguvu hana, jasho linamtoka, na kichwani kile kisauti alichokizoea kinamwambia acha, bado hujachelewa, kalale, sema kichwa kinakuuma. Akakuna. Nyumba ile Alhamisi mchana haijapata kunuka tui la nazi kwa miaka miwili. Bi Nunu, naye amefunga kama ada yake, akatoka chumbani na kanga ya kuswalia kichwani.

"Khairiya!"

"Naam, mama."

"Nani anapika nyumbani kwangu leo?"

"Mimi."

"Unampikia nani?"

"Najipikia. Sifungi leo."

Bi Nunu akalitazama sufuria, akamtazama binti yake, mara uso ukamlegea akacheka. "Aa! Kumbe umo sikuni. Si ungesema? Haya funga mlango, majirani wasije wakasikia harufu."

Hapo njia ilikuwa nyeupe. Neno moja tu, "ndiyo", na siku ingepita salama, mama na fahari yake, yeye na siri yake. Khairiya alilitamani neno lile, wallahi alilitamani.

"Simo, mama," akasema. "Mwezi wa saba huu sijaziona siku zangu."

Bi Nunu akashika ukuta. Lililompitia ni lile linalompitia mama yeyote mwenye binti asiyeolewa, na macho yakamwendea binti yake tumboni. Hapakuwa na tumbo. Palikuwa na dera linaloning'inia tu, na ndani yake mtu amebaki kidogo. Akamtazama mikono, shingo, mashavu, kama aliyemfungulia mlango mgeni kutoka safari ndefu.

"Yarabi," akasema, akakaa kwenye kibao. "Nani kakufanya hivi?"

"Naumwa, mama. Naogopa kula. Sikuwa nafunga kwa ajili ya Mungu, nilikuwa nalikimbia sinia." Akamweleza yote, la Idi, la Basma, la Fathiya.

Bi Nunu alilia, kisha akakasirika, kisha akalia tena. "Na mimi nikikutangaza mtaa mzima! Nikikuletea watu! Sasa niwaambie nini?"

"Waambie naumwa, najitibu. Hiyo ndiyo kweli."

Akapakua wali, akatia mchuzi, akaweka sahani juu ya mkeka. "Fathiya kasema nisile peke yangu. Najua umefunga. Wewe kaa nami tu, usiondoke."

Bi Nunu aliinuka akanawa mikono, akarudi akakaa mkabala na mwanawe, akasema bismillahi, akakata tonge akalitia kinywani.

"Mama! Saumu yako!"

"Ya sunna hii," akasema Bi Nunu, huku akitafuna na machozi yakimtiririka. "Saumu ntaipata siku nyengine. Wewe ntakupata wapi? Kula."

Khairiya akakata tonge dogo. Lilikwama, akalishushia maji. Akakata la pili.